Bipu Tatu Kutoka Biharamulo

Mama yangu hana habari na simu za kupangusa. Ana kisimu kidogo cha tochi, nacho hukitumia zaidi kumulikia banda la kuku kuliko kuzungumza na watu. Kusoma ujumbe hawezi, macho yamechoka, na miwani niliyomnunulia anasema inamtia kizunguzungu. Kwa hiyo nilipopata safari ya wiki mbili kwenda Kigali kushona, niliona ni lazima tuwekeane utaratibu. Na mimi kwa kuwawekea watu utaratibu sijambo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa bipu. Bipu moja kila siku saa saba mchana: kwema, mtoto hajambo, endelea na kazi yako. Bipu mbili: nipigie ukipata nafasi. Bipu tatu: mtoto ameshikwa, tupa mkasi, piga sasa hivi. Nami nikiiona ile moja, nitabipu moja kumjibu, ajue nipo hai huko niliko. Nilimfanyisha mazoezi sebuleni kwake Biharamulo, mimi nimesimama uani na simu yangu, yeye ndani na yake, mpaka akachoka akaniambia kama nimemwona hana akili nitafute mtu mwingine wa kunilelea mtoto.

Mtoto ni binti yangu wa miaka tisa. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Siku akiwa mzima anaruka kamba kuliko wenzake wote, na siku maumivu yakimshika anakunjamana kitandani, halii, anasaga meno tu. Mimi ndiye ninayejua dawa ipi kwanza, maji kiasi gani, afunikwe vipi, na saa ngapi tuache kujidanganya tukimbilie hospitali. Tangu azaliwe sikuwahi kulala mbali naye zaidi ya usiku mmoja. Lakini mshonaji mmoja wa Nyamirambo, hukohuko Kigali, tuliyefahamiana alipokuja Mwanza kwenye maonyesho ya nguo, alikuwa amepata kazi kubwa ya harusi, akaniita nimsaidie na nijifunze mikato yake. Nikamshusha mtoto kwa bibi yake, nikaendelea na basi hadi mpakani Rusumo.

Kulikuwa na sheria ya pili, na hii ndiyo nitakayojilaumu nayo mpaka kaburini. Miezi kadhaa kabla ya safari, matapeli walimpigia Mama wakamwambia nimepata ajali, nimelazwa, atume chochote nishughulikiwe. Mama alikuwa ameshavaa viatu aende kwa wakala, jirani mwenye duka akamzuia. Nilipopata habari nilimgombeza kama mtoto. Nikamwambia, Mama, kuanzia leo namba ngeni kata! Na ikiwa ni ya nchi nyingine ndiyo usiiguse kabisa. Hata ikisema ni mimi, kata!

Siku nilipofika Kigali nilikwenda na pasipoti yangu kusajili laini ya huku, maana niliambiwa laini ya nyumbani ukiitumia ugenini inakunywa salio kama mchanga. Simu yangu ilikuwa na matundu mawili ya laini lakini moja lilishakufa. Nikachomoa laini ya nyumbani, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikaiweka chini kabisa ya mkoba. Nikampigia Mama kwa laini mpya. Akakata. Nikacheka peke yangu, nikajisemea, huyu mama sasa ameiva. Nikamwandikia ujumbe: Mama, hii ndiyo namba yangu mpya, usitumie ile ya zamani, bipu hapa. Jumbe zake zote husomewa na mjukuu, kwa hiyo niliona jambo limekwisha. Sikuona kwamba nimeandika maneno yaleyale wanayoandika matapeli, neno kwa neno.

Siku ya kwanza haikuja bipu. Nikasema mtoto hajausoma ujumbe. Siku ya pili nikasema mtandao. Siku ya tatu tulikuwa na suruali sita za wasimamizi wa harusi za kumaliza, mwenyeji wangu anakata, mimi napiga cherehani, na kusema kweli saa saba ilipita sikuikumbuka. Hilo silisemi kwa kujivunia.

Ijumaa asubuhi ile programu ninayotumia kutumiana picha na mafundi wenzangu ikagoma. Iligundua nimebadili laini, ikataka niandike tarakimu zilizotumwa kwenye namba ya zamani. Nikafungua mkoba, nikafungua kitenge, nikarudisha laini ya nyumbani. Ilikaa kimya kidogo, kisha ikadaka mtandao wa huku. Ujumbe wa kwanza ulikuwa ule wa tarakimu. Wa pili ulikuwa taarifa kwamba nimetafutwa nikiwa sipatikani. Namba ya Mama. Mara tatu.

Niliacha mguu juu ya kanyagio na cherehani ikaendelea kushona hewa bila kitambaa, mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kuna nini. Ni mama wa makamo, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtaratibu, hana kelele. Nikamwonyesha simu.

"Mtoto wangu amezidiwa," nikasema. "Amenibipu tatu."

"Mpigie basi."

Nikapiga. Sauti ya mwanamke yule wa kwenye mtandao ikaniambia sina salio la kutosha kupiga simu hiyo. Mwenyeji akanipa simu yake. Ikaita mara moja, ikakatwa. Nikarudia, ikakatwa. Mara ya tatu ikapokelewa, nikasikia pumzi ya Mama kabisa, pumzi ninayoijua tangu tumboni, na nyuma yake sauti za watu wengi na mlio wa chuma kinachoburutwa sakafuni.

"Mama! Ni mimi!"

Kisha akasema, polepole sana, "Mwogopeni Mungu." Akakata.

Nilipopiga tena hakuwa anapatikana. Alikuwa amezima simu.

Nikampigia yule jirani mwenye duka. Ikaita mpaka ikachoka, maana naye ni mtu mwenye akili, hapokei namba za nje. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi changu nilikichimba nikakisakafia kwa saruji. Nilikaa pale kwenye kigoda nikaelewa kwamba kwa watu wote wa kwetu mimi nimekuwa tapeli. Kila nitakachosema kwa simu ile ndicho hasa tapeli angesema.

"Humura," mwenyeji wangu akasema, yaani tulia. "Usirie, dada. Mama iko. Simu tu ndiyo inakataa."

"Kwa nini aseme vile? Mwogopeni Mungu! Kwa nini?"

"Sijui. Kwanza kunywa maji."

Sikunywa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na woga wangu unakuja na hasira, kwa hiyo nilimfokea mwenyeji wangu kwamba asinipe maji, anipe namna ya kufika Biharamulo. Alinishirikisha intaneti ya simu yake, nikaandika zile tarakimu, programu ikafunguka, nikampata fundi mwenzangu wa Mwanza. Nikamsihi ampigie Mama. Baada ya dakika chache akajibu kwamba simu imezimwa. Akanunua vocha, akanitumia namba zake, nikaziingiza kwenye laini yangu ya nyumbani, nikakosea mara mbili. Nikapiga. Haipatikani.

Sasa nilikuwa na salio, nilikuwa na namba anayoijua, na hakukuwa na mtu upande wa pili.

Nikaanza kupanga nguo. Mwenyeji wangu aliniacha nizitie kwenye begi, kisha akauliza basi la saa hizi lipo? Sikujua. Na nikishaingia basini, nikiwa katikati ya mpaka wakati mtandao huu umekwisha na ule haujaanza, Mama akiwasha simu je?

"Huwa anabipu saa ngapi?" akauliza.

"Saa saba."

"Ya kwenu au ya huku?"

Sikuwa nimewaza hilo hata siku moja. Saa saba ya Biharamulo ni saa sita ya Kigali. Saa ya ukutani kwake ilionyesha saa tano na nusu.

"Basi ngoja nusu saa," akasema. "Kama ni desturi yake, atawasha."

Nusu saa ile sitaisahau. Mwenyeji wangu alirudi kwenye pasi yake. Nje wanaume walikuwa wanateremka na kanzu zao kwenda kuwahi nafasi msikitini, pikipiki zinapanda mlima zinaguna, muuza parachichi anabishana na mteja kwa Kinyarwanda, na mimi nimeweka simu mapajani juu ya sketi ya mtu, naitazama. Nilimwona binti yangu amekunjamana. Nilimwona Mama anatafuta dawa, anachukua chupa isiyo yenyewe. Kisha nikawaona wanawake wa mtaani wamekaa mkekani nje ya nyumba yetu, na hapo nikajizuia, nikashika ukingo wa meza ya cherehani na kuanza kuhesabu vishikizo vilivyokuwa kwenye kopo. Nilimwomba Mungu nikiwa nimemkasirikia. Nilimwambia kama ni kunifundisha, amenifundisha, inatosha.

Saa sita ikafika ikapita. Saa sita na dakika tatu. Na dakika tano.

Simu ikaita. Mara moja, ikakata.

Sikuigusa. Nilizuia pumzi nikingoja ya pili. Mwenyeji wangu alisimamisha pasi hewani. Tulingoja wote wawili, yeye ambaye hajawahi kumwona Mama wala mtoto, na bipu ya pili haikuja. Ya tatu haikuja.

"Moja," akasema. "Moja si ni kwema?"

Nikapiga. Ikapokelewa kabla haijamaliza kuita, lakini hakuna aliyesema kitu.

"Mama?"

Pumzi tu.

"Mama, mbona husemi? Mtoto yuko wapi? Kwa nini unazima simu mchana kweupe, nimekwambia mara ngapi simu isizimwe? Mtoto yuko wapi?"

Nikasikia anavuta kamasi. "Ndiyo wewe," akasema. "Nani mwingine angenigombeza hivi."

"Mtoto, Mama!"

"Yupo. Huyu hapa anakula uji. Tumelazwa tangu Jumanne usiku. Alishikwa miguu na kifua. Wamempa maji, wamempa dawa, jana ameanza kucheka, leo daktari kasema kesho kutwa tutatoka. Usipige kelele, watu wamelala."

Nilikaa chini sakafuni kabisa, kwenye vipande vya vitambaa. Nililia kwa furaha, na papo hapo nikapandwa na hasira, maana mimi ndivyo nilivyo.

"Sasa kama amelazwa, mbona leo umebipu moja?"

"Kila siku nimebipu moja."

Ndipo nilipoelewa. Zile tatu hazikuwa tatu. Zilikuwa moja ya Jumanne, moja ya Jumatano na moja ya Alhamisi, zimekaa zinanisubiri siku zote nilizokuwa nimeichomoa ile laini, zikanijia kwa mkupuo. Na mbili kati ya hizo tatu Mama alizibipu akiwa wodini, amekaa pembeni ya kitanda, mtoto ametundikiwa dripu.

"Kwa nini umenidanganya?"

"Ningebipu tatu ungefanya nini? Ungetoka mbio. Ungepanda chochote kinachokuja, usiku, barabara ile na malori yale. Nikasema mmoja akiumwa inatosha. Dawa zako nilizijua, nimekuwa nakutazama miaka tisa, si kipofu kiasi hicho."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu Mama alizungumza na mimi bila mimi kumkatiza.

"Lakini wewe," akaendelea, na sauti ikaanza kumvunjika, "wewe ulisema utanijibu. Napiga Jumanne, yule mwanamke ananiambia hupatikani. Jumatano, hupatikani. Jana, hupatikani. Tangu uvuke mpaka. Halafu leo namba ya huko inapiga, na inapiga, napokea, nasikia sauti inafanana na yako. Nikajua wameokota simu yako pale ulipofia, wanataka kunila na mimi."

"Mama, nilikuwa nashona," nikasema. "Nilikuwa nashona tu."

"Siku tatu nalia hapa," akasema. "Wauguzi wananibembeleza, bibi nyamaza, mtoto anaendelea vizuri, mbona unalia hivyo? Nikawaitikia tu. Nitawaambiaje kwamba simlilii huyu?"