Bibi Aliyemleta Nekesa

Wengi nikiwasimulia hucheka. Siwalaumu. Lakini haya niliyaona mchana, kwa macho yangu, na sikuwa nimeonja tone la pombe.

Mimi hupiga picha za eksirei katika hospitali ndogo huku Lugari. Siku hiyo mwenzangu alikuwa mgonjwa, na tangu asubuhi sikuwa nimeketi. Tulikuwa tumeletewa programu ya akili mnemba inayosoma picha za mifupa ya watoto. Ikiona palipovunjika, inapachorea kisanduku chekundu. Mtu aliyechoka, niamini, huegemea chochote.

Alasiri akaingia bibi mmoja, miguu mitupu, kitambaa cha kijani kichwani, na msichana wa miaka mitano hivi. Mtoto alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto, akilia. Karatasi ya daktari ilisema nipige kifundo cha mkono. Nikapiga. Kompyuta ikajibu: hakuna mvunjiko. Nami sikuona kitu, nikawaambia waende.

Bibi hakuondoka.

"Mwanangu, umechoka, naona. Lakini huyu haliangi hivi bure. Piga hapa juu." Akagusa kiwiko.

Nilikasirika, nakiri. Foleni ilikuwa imefika nje.

"Kukhu," nikamwambia, kama tunavyowaita bibi huku kwetu, "mashine imesema hakuna."

"Umeionyesha kiwiko?"

Nikaisogeza mashine juu ya kiwiko.

Mtoto alikuwa akitetemeka, kwa hiyo nikamvisha bibi ile aproni nzito ya kuzuia miale, akamshika mkono kwa viganja vyote viwili. Mtoto akatulia kama aliyelala. Picha ilipotokea, kisanduku chekundu kilikuwa juu kidogo ya kiwiko. Ufa mwembamba kama unywele. Mkono wenye ufa wa aina hiyo ukiachwa, mtoto hukua nao umepinda.

Nikageuka nimshukuru bibi. Aproni ilikuwa sakafuni. Mtoto alikuwa peke yake.

Nilidhani ametoka tu. Kabla sijamwita, akaingia mama mmoja akihema, maganda ya mahindi yamemganda kwenye sweta.

"Nekesa! Jirani ananiambia amekuona barabarani peke yako ukiongea! Nani amekuleta?"

"Kukhu."

Mama akanitazama. Nikamweleza: bibi mwembamba, kitambaa cha kijani. Akaketi chini, pale pale kwenye saruji.

"Huyo ni mama mkwe wangu," akasema. "Tulimzika na hicho kitambaa mwaka jana."

Nilimuuliza daktari. Akasema mtoto aliingia kwake peke yake, akadhani mzazi yuko nje.

Nikairudia ile picha. Unajua, mtu akimshika mtoto tukipiga, mifupa ya vidole vyake huonekana pia. Mimi niliviona viganja viwili vimeukamata ule mkono. Kwenye picha hapakuwa na mfupa wowote ila wa mtoto.

Nekesa alifungwa plasta, akapona, sasa anaruka kamba. Mimi bado niko kazini, bado nachoka. Picha ile sijathubutu kuifuta wala kuifungua tena.

Basi sikiliza, hasa wewe ambaye tunafanya kazi moja. Mashine ni nzuri, itumie. Ila mguse mtoto kwanza, mkono mzima, umuulize anaumwa wapi. Mimi nilipokosea nilitumiwa mtu wa kunirudisha. Wewe huenda usitumiwe.