Kasoro Saba za Kijana wa Samad

Harub bin Nasser hakupata kukaa jukwaani hata siku moja. Mpira ukichezwa Ibra, au Samad Ash Shan, au huko Jalan Bani Bu Ali kwenye kiwanja cha mchanga, yeye husimama nyuma ya kibendera cha kona, jua kalipa mgongo, mikono kaifunga nyuma kama mtu anayengoja kusalia jeneza. Watu wengine hufuata mpira kwa macho. Harub aliwatazama wale wasiokuwa na mpira: nani kajishika kiuno anatweta, nani kageuza shingo kuona nyuma yake kabla hajapelekewa, nani anabishana na refa mambo yaliyokwisha. Alisema mchezaji hujulikana wakati hana mpira, maana ukishampa mpira kila mtu hujitia hodari.

Kazi hiyo hakuisomea. Alizaliwa Unguja, Mkunazini, akafika Oman mwaka wa sabini na moja akiwa na miaka kumi na tano, akapelekwa Ibra kwa jamaa wa babu yake asiowajua, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Vijana wa pale walimcheka kila akifungua kinywa. Kiwanjani hapakuwa na haja ya kufungua kinywa, kwa hiyo kiwanjani ndipo alipokulia. Baadaye akaajiriwa udereva, gari la chanjo la serikali, na kwa miaka thelathini akazunguka vijiji vyote vya mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah. Daktari akimaliza kazi alasiri, Harub hutazama vumbi linapaa wapi, akalifuata. Penye vumbi pana mpira.

Klabu moja ya Nizwa ikazisikia habari zake, ikamwomba awe anawaandikia juu ya vijana wa timu za mitaa na za madaraja ya chini, nani anafaa kuitwa akajaribiwe. Mshahara haukuwapo. Walimpa petroli, na wakimwona mlangoni walikuwa wakisimama. Hilo la kusimamiwa ndilo alilolipenda.

Sasa, mtu mwenye kazi ya kutazama vijana katika nchi ile ana tabu yake. Ukimkodolea macho mtoto wa mtu, mama yake hutaka akusikie unasema mashaallah, na hata ukisema roho yake haitulii. Harub alikuwa akiyajua hayo, ila zamani alikuwa mwepesi wa ulimi. Miaka kumi na miwili nyuma palikuwa na mshambuliaji pale Samad, jina lake Anas, mtoto mkubwa wa Bi Ghanima, mjane wa Kipemba. Siku ya fainali Harub akamshika kijana bega mbele ya watu, akatangaza kwamba mwakani hamtamwona hapa huyu, atakuwa Nizwa, na baada ya Nizwa mtamtazama kwenye televisheni. Jumatano yake, mazoezini, hakuna aliyemgusa, goti la Anas likageuka. Lilipasuliwa, likashonwa, halikurudi. Leo Anas anafanya kazi kwa muuza matofali, mguu mmoja kaunyoosha chini ya meza.

Hakuna aliyemwambia Harub neno usoni. Lakini tangu hapo, akifika kiwanja chochote, kijana aliyekuwa aking'ara ghafla huanza kuchechemea. Kumbe kaambiwa na mamake, yule mzee akija wewe jitie unaumwa. Siku moja huko Jalan walichechemea watatu kwa mpigo, na kocha wao akadhani ni kiwanja. Harub alirudi nyumbani akalisimulia hilo kama kichekesho. Mkewe, Bi Shaikha, hakucheka.

"Jicho lako silijui," alisema. "Ulimi wako naujua. Ufunge."

Akaufunga. Akafunga na kalamu. Tangu siku ile, kijana mzuri hakumsifu tena kwa mdomo wala kwa karatasi. Alimwandikia kasoro zake tu, na kadiri kijana alivyokuwa bora ndivyo kasoro zilivyozidi, maana aliyemtazama sana ndiye aliyemjua sana. Wale wa kawaida aliwaandikia mstari mmoja: kijana mwema, ana adabu. Katibu wa klabu kule Nizwa, Bwana Aflah, naye kazaliwa Unguja, kalelewa na bibi mwenye kuogopa jicho, ambaye mjukuu akinenepa husema "hebu kitazame kijitu hiki kibaya." Barua ikifika, Aflah huhesabu kasoro. Zikiwa mbili, huiweka pembeni. Zikiwa nne au tano, hupiga simu asubuhi ile ile na kuuliza mechi ijayo lini. Kwa mtindo huo walipitisha vijana tisa, na wawili wakafika mbali. Wala hawakupata kukaa wakaambiana kwamba hivi ndivyo tufanyavyo. Lingesemwa, lingeharibika.

Mwaka juzi Aflah akafariki. Na mwaka jana Harub akamwona Laith.

Laith alikuwa mdogo wake Anas. Miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito, asubuhi anaendesha lori la maji, alasiri anacheza kiungo katika timu ya mtaa wao pale Samad. Anatumia kushoto tu. Harub alimtazama mechi sita, na mechi ya tatu alijikuta kaacha kuwatazama wengine, jambo ambalo halijamtokea tangu ujana. Kijana yule akipata mpira hana haraka nao. Anausimamisha, anautazama, kama aliyesahau alitaka kufanya nini. Mabeki wanaona fursa, wanamwendea, mmoja, wawili. Yeye bado. Wenzake wanapiga kelele, kocha anapiga kelele. Yeye bado. Halafu mpira unatoka, unapita pale pale walipohama wale waliomwendea, na mtu yuko peke yake na kipa. Hilo halifundishwi. Harub katika umri wake wote alikuwa hajaliona kwa mtu mwengine, si Nizwa, si Maskati.

Na wakati ulikuwa mfupi. Klabu inachukua vijana wa timu ya akiba chini ya miaka ishirini tu, na Laith alikuwa akitimiza ishirini mwezi wa tatu. Asipokwenda mwaka ule, basi.

Jioni ya mechi ya sita, Bi Ghanima alimtuma mtu kiwanjani kumwita. Akamkaribisha sebuleni, kahawa na tende mbele yake, akasema naye Kiswahili ili majirani waliokuwapo wasifuate.

"Bwana Harub, mimi sikuwekei kinyongo. La Mungu ni la Mungu. Lakini wa kwanza ulimsifu. Huyu nakuomba usimsifu. Kama ana riziki huko, itamfikia bila ya sifa zako."

Harub akaapa. Akenda nyumbani, akakaa na barua ya kijana huyo siku mbili, akaandika kasoro saba. Hajapata kumwandikia mtu kasoro saba. Mzito kuachia mpira. Mguu wa kulia hana. Hakimbii mpaka alazimike. Hasemi na wenzake. Anatazama chini. Mwili mdogo. Hamsikii kocha. Alipomaliza aliisoma tena akafurahi peke yake, maana alijua hakupata kuandika sifa kubwa kuliko ile.

Aliyekaa kwenye kiti cha Aflah sasa ni Luay, kijana wa miaka thelathini, mtoto wa watu waliorudi kutoka Unguja, aliyezaliwa Nizwa na kusomea michezo nje. Kijana mtaratibu, mwenye kompyuta na majedwali. Harub alingoja simu. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Akampigia yeye, hakujibiwa. Wiki ya tatu akawasha gari, akatoka Ibra asubuhi na mapema.

Luay alimpokea vizuri, akasimama, akamtolea shikamoo, akaagiza chai. Harub akauliza habari za kijana wa Samad.

"Ami, mimi nimesoma karatasi yako," Luay akasema. "Hii kijana ana kasoro saba. Majina ilikuwa sitini na mbili, nafasi ilikuwa kumi. Yeye nimemweka chini kabisa."

"Hukushangaa? Mtu wa kasoro saba, kwa nini nikuandikie habari zake?"

"Nimeshangaa, wallah. Nikasema labda ami amechoka."

Harub akakiweka kikombe chini. Akasema lile ambalo miaka kumi na miwili hajalisema: kwamba Laith ni mchezaji bora kuliko wote aliowaona tangu azaliwe. Akaeleza kwamba ule uzito ndio ufundi wenyewe, kwamba hakimbii kwa sababu keshafika, kwamba hamsikii kocha kwa sababu kocha haoni anachokiona yeye. Akamweleza na habari ya Aflah, namna ya kuzisoma zile barua. Alivyokuwa akieleza alijisikia mwenyewe jinsi maneno yale yanavyosikika ndani ya chumba kile chenye ubao mweupe, akazidi kupandisha sauti, na sauti ikazidi kumwangusha.

Luay hakumcheka. Afadhali angemcheka.

"Yaani karatasi inasema mbaya, wewe unataka mimi nifahamu nzuri?"

"Aflah alikuwa akifahamu."

"Allah yirhamo. Mimi hakuna mtu ameniambia. Ami, mimi siwezi kwenda kila kijiji, mimi nina karatasi tu. Na sasa unaniambia karatasi yako ni uwongo. Basi zile nyengine? Na wale umeandika wazuri, niwafukuze?"

Orodha ilikuwa imeshapelekwa tangu Alkhamisi. Kumi wamekwishaitwa, na Harub akayasoma majina yao pale ukutani. Wawili walikuwa wa kwake: kijana mwema, ana adabu. Luay akamsindikiza mpaka kwenye gari kwa heshima zote, akamwambia klabu inamshukuru kwa miaka yake, na kuanzia msimu ujao watatumia watu wao wenye kamera. Halafu, mkono ukiwa kwenye mlango wa gari, akaongeza jambo ambalo yeye aliliona jema. Kila kijana aliyekosa alipelekewa barua yake kwenye simu, na jina la aliyeiandika chini yake, ajue kasoro zake, ajirekebishe.

Harub hakurudi Ibra. Alinyoosha mpaka Samad. Laith alikuwa safarini na lori lake. Bi Ghanima akatoka, leso kaiweka begani, na kabla mgeni hajavua viatu akamwambia kwamba kijana keshaisoma. Aliisoma mara moja kwa sauti, kisha akaitia simu mfukoni akenda kujaza lori. Hakula usiku ule wala kutwa ya siku ya pili. Siku ya tatu alisema, ami Harub anajua mpira, kama kasema hivyo ndivyo.

"Mimi nilikwambia usimsifu," Bi Ghanima alisema. "Sikukwambia umtie ila."

Harub akasema kwamba atakaa pale barazani mpaka lori lirudi, amwambie kijana ukweli wote, kwamba kila alichokiandika maana yake ilikuwa kinyume. Yule mama akageuza uso kuelekea mlango. Ndani ya nyumba Anas alisikika akipita, hatua moja nzito, moja nyepesi.

"Usimwambie."

"Bi Ghanima, kijana anajiona si kitu."

"Ajione hivyo hivyo. Nafasi imeshampita, si ndiyo? Huyo unayemsikia ndani analala na kile alichokuwa awe, anaamka nacho. Mmoja wa namna hiyo ananitosha. Huyu wa pili mwache aamini hakufaa. Mtu asiyefaa hupata kazi, huoa, hulala usingizi." Akamtazama. "Uliniapia mara moja ukatimiza. Niapie tena."

Na yeye akaapa tena, kwa sababu hakuwa na uso wa kumkatalia mwanamke yule kitu chochote. Akapanda gari. Njiani, karibu na njia ya kutokea Samad, alipishana na lori la maji, na kijana aliyekuwamo ndani akapiga honi na kumwinulia mkono kwa adabu.

Miezi minne Harub hakukanyaga kiwanja. Bi Shaikha alichoka kumwona kakaa uani akikata kucha, akamfukuza nyumbani kwa maneno ya mzaha, akamwambia aende akatazame hata watoto wa skuli. Akaenda Samad. Alijiambia anakwenda kwa sababu kuna nusu fainali.

Akasimama penye kibendera cha kona. Laith alikuwa amenenepa mabega, na baada ya dakika kumi Harub alikuwa ameshayaona yote. Kijana alikuwa akikimbia tangu filimbi ya kwanza, huku na huku, hata mpira ulipokuwa mbali naye. Alikuwa akiita wenzake kwa majina. Kichwa juu. Kocha akisema pita kulia, anapita kulia. Akipelekewa mpira hakai nao, palepale keshauachia, kwa mguu wa kulia mara nyingi, pasi safi ya karibu, kwa mtu aliye wazi, pasi ambayo kila mtu uwanjani ameshaiona kabla haijapigwa. Mabeki hawakuwa na haja ya kumwendea. Walimwacha. Palikuwa na vijana ishirini na wawili mchangani pale, na kama si namba mgongoni Harub asingeweza kusema yeye ni yupi.

Timu yake ikashinda moja bila. Watu walimpigia makofi, kocha akampiga piga mgongoni. Laith akamwona mzee penye kona, akaja mpaka pale, jasho linamtiririka, akamtolea shikamoo na kumbusu mkono.

"Ami, umeona?" akasema. "Zote saba. Nimeziondoa zote."

"Nimeona," Harub alisema.

Kijana akasimama kidogo, kama anayetazamia neno la pili. Kisha wenzake wakamwita, akawafuata mbio.