Pembe Nilizoongeza Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini pale Juba, msimamizi wa karakana ya serikali alinipa kopo la rangi nyeusi na milango kumi na miwili ya kuandika namba. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda baada ya mkataba wa amani, nina cheti cha uchoraji cha Kampala, na kichwa kimevimba kweli kweli. "Cheti weka nyumbani," akaniambia. "Hapa iko kamba tu." Kamba yenyewe hupakwa chaki, huvutwa ukutani, ukiipiga kwa kidole mstari ulionyooka unatokea. Nilipiga kamba miaka miwili. Nyinyi vijana wa leo mngelia!

Kisha nikahamishiwa ofisi ya kupokea waliorudi kutoka ukimbizini. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na ukuta mmoja mrefu, na mkurugenzi alitaka upambwe. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliwahurumia watu waliokaa pale kutwa. Nikasugua ukuta kwa msasa, nikapaka chokaa mara mbili ili udongo usiinywe rangi, halafu nikafanya nilichotamani tangu Kampala: mabaka makubwa meusi juu ya weupe, na ukanda mmoja wa rangi ya kutu katikati. Si mtu, si mti. Nilitaka tu jicho la mtu aliyechoka lipate pa kutembea.

Mkurugenzi akaja, akakuna kidevu. "Ya zol," akaniita, yaani wewe bwana, "hii ni nini?"

"Si kitu, mheshimiwa. Ni rangi tu."

"Serikali haikukuajiri upake si kitu! Jumamosi nikute kitu hapo, au nikute chokaa na wewe umeondoka."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Usingizi uliniruka.

Jumatano, mfugaji mmoja Mmundari, mtu mzima aliyerudi na blanketi tu, aliinuka kwenye benchi, akanyoosha mikono juu kama pembe, akaanza kuimba taratibu akiutazama ukuta. "Nani alikuambia habari yangu?" akaniuliza.

Nikamuuliza habari gani. Kwetu sisi ni wakulima wa mihogo. Sikujua kwamba kijana wa Kimundari hupewa dume la ng'ombe, na kutokana na madoa ya dume hilo huchukua jina. Dume lake lilipotea walipokimbia vita. Akaugusa ule ukanda wa kutu. "Hapa ni ubavu yake. Ndugu, hii ni mimi." Alhamisi akaja tena, ingawa karatasi zake zilikuwa zimeshakamilika, akakaa tu kutazama.

Ijumaa nikamkimbilia mkurugenzi, nikamweleza yote. Akafurahi sana. "Kumbe ni ng'ombe! Kwes, vizuri! Basi weka pembe, wengine nao wamwone."

Moyo ulikataa. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho, na mimi, niseme ukweli, niliogopa. Nikaweka pembe mbili safi, zimelingana, na miguu minne, na jicho. Mkurugenzi akanipa mkono mbele ya makarani wote.

Jumatatu mfugaji akaja. Alitazama kwa muda mrefu. "Ng'ombe nzuri," akasema kwa adabu. "Ya nani?"

Akanieleza bila hasira kwamba dume lake lilipindwa pembe tangu likiwa ndama, moja ikaenda mbele, moja nyuma.

"Mzee wangu, nitazirekebisha leo hii!"

"Malesh," akasema, akimaanisha usijali. Akachukua blanketi lake akatoka.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa karakana. Siku hizi vijana wachoraji wananifuata nyumbani Gudele na turubai zao zisizo na mtu wala mti, wanalalamika kwamba watu huuliza, hii ni nini? Wananiuliza, sanaa dhahania ina maana gani leo, mzee? Nawaambia wasiwe na haraka ya kujibu. Mtazamaji akae kwanza, huenda amekuja na kitu chake. Mimi nilijibu upesi kwa sababu ya woga, na aibu yake ninayo hadi leo. Yule mtu sikumwona tena, na siku zote zile alizokaa mbele ya ukuta wangu, jina lake sikumuuliza.