Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta ya Karani

Wadau, mwaka 1998 mashamba mia tatu na kitu yalipotea Kibiti mchana kweupe. Hayakuungua, wala mto haukuyachukua. Yalipotelea ndani ya kompyuta, na fundi wa siku hiyo nilikuwa mimi.

Naitwa Mtoro. Enzi hizo nilikuwa fundi redio pale stendi, kijana mwenye mdomo kuliko kazi.

Mafuriko yalikuwa yameharibu madaftari yote ya mashamba ya bondeni. Orodha ikabaki sehemu moja tu: kompyuta kuukuu ya msaada, ofisini kwa karani, Mzee Mwinjuma. Disketi ilikuwa haisomi tena. Printa ilishakufa zamani.

Na Jumamosi wapimaji wanakuja, kwa sababu kuna mwekezaji analitaka bonde. Asiyekuwemo kwenye orodha hana shamba.

Mama yangu, Mwanaidi binti Mfaume, alikuwemo. Ekari tatu za mpunga, ndiyo mali yake yote duniani.

Wapimaji walituletea kompyuta mpya mapema, wakasema tuhamishie humo. Ile mpya ilikuwa na kadi ya mtandao, ya kuunganishia kompyuta na kompyuta. Ile kuukuu haikuwa nayo, na ya kununua inayoingia humo haikuwepo.

"Nitaitengeneza mwenyewe," nikasema.

Mzee Mwinjuma akanitazama. "Mwanangu, tuna siku tatu. Tukae wawili, mmoja asome kwenye kioo, mwingine aandike kwa kalamu."

"Kalamu, mzee? Zama za soko huria hizi!"

Nikacheka. Kile kicheko kinanitia aibu mpaka leo.

Siku mbili nzima nilichomelea. Vipuri vya redio mbovu, waya wa simu, vyote nikavipanga ndani ya kisanduku cha sabuni. Ijumaa asubuhi nikawasha jenereta ya ofisi, nikachomeka.

Asilimia moja. Mbili. Tatu.

Aisee, nilimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikamdondoka.

Lakini ilikwenda polepole mno. Adhana ya Ijumaa inalia, tuko asilimia arobaini. Bahati mama akawa ameniletea chakula.

"Mama, tuangalizie hapa, tunakwenda kuswali. Usiguse kitu."

"Haya baba, nendeni."

Tuliporudi, mama alikuwa ametulia kitini, anatabasamu. Kompyuta kuukuu ilikuwa imefunikwa gubigubi, kuanzia kioo mpaka nyuma kwenye feni. Kitambaa chake cheupe cha kudarizi, kile cha kufunikia redio nyumbani, alikuwa amekifuata mwenyewe. Na juu yake kanga, imekunjwa mara mbili.

"Malori yanapita, vumbi lote linaingia humu," akasema. "Sijagusa kitu, nimefunika tu. Si wewe uliyenifundisha kwamba vumbi ndilo linaloua redio?"

Akabeba sufuria lake, akaenda zake, ameridhika kabisa.

Mimi nilishasikia harufu ya plastiki.

Nikavuta kitambaa. Kioo cheusi. Kompyuta ilikuwa ya moto, huwezi kuishika. Nikafungua, nikapuliza, nikabadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Diski ikawa inakwaruza tu. Na faili lililokatika katikati, kule kwenye kompyuta mpya, halikufunguka.

Nilikaa chini sakafuni nikalia, mtu mzima mimi.

Mzee Mwinjuma hakunilaumu. Alichukua kalamu. "Tuandike tunaowakumbuka."

Tukaandika. Kesho yake wapimaji wakaikataa karatasi yetu. Orodha ya kukumbuka siyo orodha, walisema.

Mama aliponiuliza imekuwaje, nilijibu, "Jenereta ilizima katikati ya kazi, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Hakuuliza tena.

Shamba likaenda. Mama akahamia Bungu, akawa anakaanga vitumbua barabarani. Redio yake hakuifunika tena. Niliona, nikanyamaza.

Mwaka 2011 akaugua. Siku moja asubuhi akanishika mkono.

"Mtoro. Ile jenereta haikuzima. Niliisikia ikinguruma mpaka nafika nyumbani."

Akaendelea.

"Na kitambaa changu hukunirudishia. Ningekuuliza kiko wapi, ungelazimika kusema. Nikaona nikuache."

"Mama, kosa ni langu. Sikukwambia kwamba ile kompyuta inapumua."

"Hukuniambia," akasema, "nami sikukuuliza tena. Miaka yote hii, baba."

Siku nne baadaye tulimzika.

Kitambaa ninacho. Kina alama ya kahawia pale kilipokaa kwenye feni.

Sasa ndugu zangu, mkitengeneza kitu, mwambieni mnayemwachia kinapumulia wapi. Kumwambia asiguse hakutoshi. Na mzee akikwambia tukae tuandike kwa kalamu, ficha kicheko chako, vuta kiti, uandike.