Choki ya Pikipiki ya Baba

Juzi kijana wa bodaboda aliwasha pikipiki mbele yangu, na harufu ya petroli mbichi ikanirudisha uani kwetu Dodoma. Baba, bwana mifugo, alikuwa akituaga kwamba anakwenda Mvumi, lakini tangi la pikipiki yake lilikuwa likirudi kavu kana kwamba amefika Kondoa, mbali zaidi. Mama hakuuliza kitu. Kila baba aliporudi, alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia.

Alasiri moja fundi alikuja, akafungua kabureta, baba akiwa amesimama kando.

"Shemeji, choki, hii ya kuongeza mafuta wakati wa kuwasha, imenasa kwa vumbi. Inamwaga mafuta njia nzima."

"Hata kwa safari ya Mvumi tu?" mama aliuliza.

"Hata kwa safari ya Mvumi tu."

Mama akajifuta macho kwa khanga. Nilidhani petroli imemrukia, nikamkimbilia na kikombe cha maji. Sasa nami nimeolewa, najua kilichomliza: siku zote zile alidhani baba ana mwanamke Kondoa. Alikipokea kile kikombe, akampa baba, kwa mikono miwili.