Wa Mwisho Kufika Juu ya Mlima

Wiki iliyopita tulikuwa tunamtoa mume wangu hospitali ya Mulago kwenda kumzika. Katikati ya mlima pikapu ya jirani ikaishiwa mafuta. Mimi na shemeji tukasukuma, haikusogea.

Mara wakaja askari magereza, wako kwenye mtihani wa mbio. Sajini aliwafuata kwa baiskeli akifoka, "Wa mwisho kufika juu, leo anarudisha sare, kazi basi!"

Siku hizi tukiona sare tunainamisha macho. Niliinamisha yangu, nikamwomba Mungu wapite bila kutusumbua.

Vijana wakapita. Nyuma yao akaja askari mzee mwenye kitambi, anahema. Aliona jeneza, akasimama, akaweka bega kwenye gari.

"Wewe mzee! Nani amekupa ruhusa ya kusimama?" Sajini akafoka.

"Hakuna, afande. Lakini maiti hapana pitwa hivi hivi."

Sajini akashuka, akavua kofia. "Kitalo, nyabo," akanipa pole. Kisha akapuliza filimbi, vijana wote wakarudi kusukuma.

Kule juu akauliza kwa ukali, "Sasa wa mwisho nani?"

Mzee akaanza kufungua vifungo vya shati. Nikamwahi.

"Ni mimi, afande. Nimetembea nyuma yenu wote."

Sajini akanitazama sana. "Basi mama, wewe ndiyo unarudisha sare."

Wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mzee akafunga vifungo vyake.

Afande, sare sina. Nina shukrani tu, nazo nazirudisha hapa, kwa Mungu kwanza, kisha kwenu.