Kosa Moja la Mwanangu, Nililiadhibu Mara Mbili

Admin, jina langu lifiche, na shule ambazo sijazitaja naomba usiniulize. Ndugu zangu wa page hii, habari zenu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Ni mwalimu wa hesabu za kidato cha tano na sita, mwaka wa kumi na saba huu. Nina mume na watoto wawili. Mkubwa, nimwite Neema, yuko kidato cha sita, anakaa bweni shule nyingine upande wa Msalato. Naandika haya bila machozi. Sijalia hata siku moja tangu yatokee, na hilo nalo linanitisha.

Shule kadhaa zilifanya mock ya pamoja, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa taifa, walimu tukakusanywa kwenye bwalo la shule moja kusahihisha. Kwa wasiojua, karatasi hazina majina, zina namba tu. Kila mwalimu anashika swali moja, karatasi zinazunguka meza. Ukimaliza swali lako unaandika alama na namba yako ya usahihishaji pembeni, unamsogezea jirani. Mimi nilikuwa namba kumi na nne. Kabla ya kuanza tunakaa na kubishana mpaka tukubaliane njia ina alama ngapi na jibu lina alama ngapi. Kiongozi wa meza yetu, mzee mmoja mcheshi, akasema, "Jamani, mtoto akiteleza mstari wa pili msimzike mpaka wa kumi. Kosa moja, adhabu moja." Yaani akiweka kutoa badala ya kujumlisha, unamkata pale tu, halafu unaifuata hesabu yake na kosa lake hilohilo. Kama njia ni sahihi, alama za njia anapewa. Tukakubali wote. Tena mimi ndiye niliyeongeza, "Na tusiwe wachoyo, hizi alama hatukurithi kwa mama zetu." Watu wakacheka.

Siku ya pili karatasi ya Neema ikafika mbele yangu. Nilimjua kabla sijasoma chochote. Anapiga mistari miwili kwa rula chini ya kila jibu, na saba yake anaikata katikati. Hayo nilimfundisha mwenyewe mezani kwangu akiwa darasa la tatu. Alikuwa ameteleza mstari wa pili, kutoa badala ya kujumlisha, basi. Kuanzia hapo alikwenda vizuri mpaka mwisho. Kwa makubaliano yetu alistahili kumi na nane kwa ishirini.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono na kusema, "Mzee, hii ni ya mwanangu, apewe mwingine." Dakika moja tu, jamani. Ila mwaka juzi kuna mwenzetu alisemwa amembeba mtoto wa dada yake, na hadi leo akiingia ofisini watu wanakohoa. Nikaogopa. Nikawaza nikimpa kumi na nane nitakuwa nimembeba. Nikamkata mstari wa pili, nikamkata wa tatu, nikashuka naye hivyohivyo mpaka chini. Nikampa sita. Karatasi iliyofuata ilikuwa na kosa lilelile, haki ya Mungu lilelile, na huyo mtoto wa watu nikampa kumi na nane. Mkaguzi wa mwisho anajumlisha alama tu, hasahihishi upya, kwa hiyo hakuna aliyeona. Nilikwenda kunywa chai nikijiona mwadilifu kweli.

Nisingemkata zile alama kumi na mbili angepata C. Alipata D. Alipokuja nyumbani mapumziko alinisalimia shikamoo, hata begi hajatua, akanipa karatasi. "Mama, niangalizie hili swali. Ndilo nililotoka nalo kifua mbele. Huyu namba kumi na nne ameniua. Hivi ameniona mimi ni nani? Ulikuwa huko, unamjua?" Nikamwambia nilikuwa meza nyingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu anamtafuta namba kumi na nne, kumbe ndiye anayempakulia ugali na mlenda.

Akaniuliza, "Basi niambie wewe. Amenionea, au mimi ndiye sijui?"

Nikaishika karatasi. Wino mwekundu ni wangu. Nikasema, "Amesahihisha sawa."

Neema akasema, "Sawa mama. Kama hata hili sijui, basi yale mengine nilikuwa najidanganya." Akala, akaosha vyombo, akaenda kulala. Hakununa hata kidogo. Bora angenuna.

Tangu arudi shule matroni amenipigia simu mara mbili. Neema hafungui daftari la hesabu. Amesema siku ya mtihani wa taifa ataingia, ataandika namba yake, atasubiri muda uishe, atoke. Huyu ni mtoto aliyetaka uhandisi tangu akiwa mdogo. Mtihani umebaki wiki chache. Baba yake akirudi kutoka kazini Mtumba ananiambia, "Mama Neema, watoto wa wenzako unawafaulisha, wako unamwangalia tu?" Namwitikia "mh", nakwenda kukoroga mboga. Sisikii uchungu wala aibu. Nina ganzi mwili mzima.

Nikimwambia kiongozi wa usahihishaji, alama zitarekebishwa, ila kila karatasi niliyoigusa itatiliwa shaka, na wale watoto wengine niliwatendea haki. Nikimwambia Neema, atarudishiwa hesabu yake. Lakini atajua kwamba mama yake aliutambua mwandiko wake ndipo akamkata, na kwamba alipokuja kuniuliza nilimtazama machoni nikamwongopea.

Jumamosi hii wazazi tunaruhusiwa kwenda kuwaona bwenini. Mume wangu yuko safarini, nitakwenda peke yangu. Nyie mliozaa, naombeni mnisaidie. Nikishaitikia shikamoo yake, nianze na neno gani?